Nyumba imekuja kwa lori
Jamani hatimaye tumehamia, na nyumba yetu ya Kisaju, huku Kajiado, ilikuja kwa lori, vyumba viwili na jiko vimeshaunganishwa kiwandani kabisa, waya na mabomba yako ndani ya kuta. Kitu nilichopenda sana ni kwamba wakati watu wa kiwanda wanaunda kuta huko, sisi huku tulikuwa tunachimba msingi, hakuna kumsubiri mtu, hakuna simenti ya kulindwa usiku wala fundi wa kukwambia kesho kesho, siku ya kupandisha ilikuwa ni siku moja tu na jioni paa liko juu.

Lakini pesa ndo ilinitesa. Sisi tumezoea kujenga mdogo mdogo, mwezi huu mawe, mwezi ujao mabati, hawa wanataka deposit kubwa kabla hata hawajakata chuma, ikabidi nikope sacco. Halafu ule udongo mweusi wa Kajiado mvua ikinyesha ni tope tupu, lori likakwama kabla ya kona ya mwisho na kreni tumeikodi kwa siku, saa zinaenda na sisi tunasukuma, nililia kweli siku hiyo.

Na mchana bati linapata joto, ukitaka hiyo nyumba weka dari nzuri na madirisha yanayotazamana upepo upite. Mama amepata chumba chake, amelala vizuri jana. Mwenye swali kuhusu msingi aniulize, hapo nilijifunza mengi sana.