Ndoa Inayovunjika Pamoja na Mizani

Shairi ninalolichambua leo halijachapishwa. Mtunzi wake ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, ambaye alilisoma mbele ya kikundi chetu kidogo cha wapenzi wa fasihi na kuniruhusu ninukuu sehemu zake kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Kisa chenyewe si kigeni kwa mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro: mume na mke wanaanza maisha kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, wanapata fedha, wanaitamani zaidi, na mwishowe nyumba inakuwa kubwa huku ndoa ikiwa haimo. Kilichonivuta ni namna umbo la shairi linavyoharibika hatua kwa hatua, sambamba na ndoa inayosimuliwa.

Ubeti wa kwanza ni tarbia iliyotimia, yaani ubeti wa mishororo minne:

Tulianza na migomba, na michache ya kahawa,
Kitanda chetu cha kamba, usingizi kama dawa,
Hatukuhesabu shamba, wala kipi cha kugawa,
Na mvua ikitamba, tulicheka tukalowa.

Kila mshororo una mizani (silabi) 16, yaani 8 katika ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 katika utao, kipande cha pili, na vina havikosi mahali popote. Hata Amri Abedi, aliyeziandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, asingepata la kulalamikia hapa. Wanandoa hawa wanasema kwa sauti moja, kila tendo ni lao wote wawili, na utaratibu wa arudhi, yaani kanuni hizo za vina na mizani, unaibeba hali hiyo bila mtunzi kulazimika kututangazia kwamba walipendana.

Katika ubeti wa pili kina cha kati, kile cha mwisho wa ukwapi, kinatoweka. Mume anang'oa kahawa, anafungua duka, kisha anaanza kujenga vyumba vya kupangisha. Mtunzi hasemi kwa nini kahawa iling'olewa, na hapo naona amemwachia msomaji kazi nzuri, kwa sababu watu wa huku wanakumbuka jinsi bei ilivyoporomoka baada ya makubaliano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, na jinsi mkulima aliyekuwa akisomesha watoto kwa mibuni alivyojikuta hawezi kununua hata dawa ya kuipulizia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mume huyu haikuwa tamaa, ilikuwa hesabu ya mtu mwenye familia. Wenzangu kadhaa walimhukumu tangu mshororo ule, nami nadhani walikuwa na haraka. Tamaa inaingia baadaye, pale anapouza nusu ya kihamba kwa mtu asiye wa ukoo, ardhi yenye makaburi ya babu zake, bila kumwambia mkewe neno.

Mke anapouliza, anajibiwa kwa mshororo ambao kwangu ndio kitovu cha shairi zima:

Ulikuja na sanduku, kingine ulileta nini?

Ukihesabu mizani utaona kwamba ukwapi una 8 lakini utao una 9. Mtu anaweza kudhani kwamba mtunzi amepitiwa, ila mtunzi aliyemudu ubeti wa kwanza angeweza kuandika "na kingine kitu gani" akapata 8 zake bila jasho. Ameiacha mizani ile ya ziada makusudi. Swali la mume halienei katika kipimo ambacho wawili hawa walikuwa wakikitumia, na kuanzia hapo hakuna mshororo unaorudi kwenye 16.

Swali hilo, bila shaka, si la kishairi tu. Linaulizwa mbele ya wazee wa ukoo na mbele ya mahakimu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaitaka mahakama izingatie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi, inapogawanya mali iliyochumwa pamoja. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Mume wa shairi anasema kana kwamba hayo yote hayajawahi kutokea.

Hata hivyo mtunzi hakumfanya mke kuwa malaika, na hapo ndipo nilipozidi kumheshimu. Mke anajibu kwa kuorodhesha: mikungu aliyoibeba hadi soko la Mwika, majani aliyowakatia ng'ombe, miaka aliyolala macho na watoto. Yote ni haki yake. Kisha anaongeza, "Nami ninacho changu, hukijui kilipo," na tunagundua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akificha fedha kwenye kikoba, hata wakati mtoto aliporudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Katika kikundi chetu wanaume waliushikilia mshororo huo na wanawake wakalishikilia swali la sanduku, na mjadala ukawa mkali kuliko shairi. Kwa maoni yangu makosa hayo mawili hayana uzito mmoja, kwa kuwa mke alijifunza kuficha baada ya kufichwa, lakini wote wawili wameshaingia katika kazi ile ile ambayo ubeti wa kwanza ulisema hawakuifanya: kuhesabu shamba.

Sehemu ya mwisho ni shairi huru kabisa, lisilofuata vina wala mizani:

Nyumba ya bati jekundu
vyumba kumi na viwili
na mimi
na wewe
kila mmoja na ufunguo wake.

Tangu mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo, wanaoshikilia arudhi, na wanamabadiliko, wanaotetea shairi huru, wamebishana kama maandishi ya namna hii ni ushairi. Mtunzi wetu amekataa kuchagua upande. Ametumia arudhi na uhuru kama hali mbili za nyumba moja, na sidhani kwamba mojawapo ingetosha peke yake.

Lipo jambo moja ninalolipinga. Kabla tu ya sehemu hiyo ya mwisho kuna mshororo usemao "tamaa mbele, mauti nyuma," nami nilimwomba mtunzi aufute, kwa kuwa methali hiyo inamwambia msomaji kile ambacho mizani zimekwisha kumwonyesha. Alinijibu kwamba hayo ni maneno ya mzee wa ukoo aliyeitwa kusuluhisha, mzee ambaye hana kingine cha kuwapa. Hoja hiyo naiheshimu, ila hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba sauti imebadilika, na wengi kikundini waliuchukua mshororo ule kuwa ni hukumu ya mtunzi mwenyewe.