Tranziti ndefu na watoto wadogo: ishike saa ya Tanga

Familia inayosafiri kutoka Tanga haifiki kwenye tranziti, yaani kusubiri ndege ya kuunganisha, ikiwa na nguvu mpya. Imeamka saa tisa usiku, imepanda basi stendi ya Kange, imepita Segera na Chalinze, imeshuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, imevuka jiji la Dar es Salaam mpaka Terminal 3 ya uwanja wa Julius Nyerere, ndipo ikapanda ndege. Kwa hiyo masaa ya kusubiri Addis Ababa au Doha usiyahesabu tangu ndege ilipotua. Hesabu tangu Kange. Mtoto wa miaka mitatu anayejitupa sakafuni saa nne usiku mbele ya duka la manukato si mtovu wa adabu. Yuko macho kwa masaa kumi na tisa.

Ukiweza, vunja safari. Lalieni Dar usiku mmoja kwa ndugu au nyumba ya wageni. Ukichagua ndege ndogo za Tanga kwenda Dar, pima mizigo kabla: kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa abiria, na begi laini linapakiwa kwa urahisi kuliko sanduku gumu. Kilo 23 za tiketi ya ndege kubwa hazikusaidii hapo.

Sasa habari njema, ambayo wazazi wengi hawaitumii. Addis Ababa, Nairobi, Doha, Jeddah na Istanbul zote zinafuata saa ileile ya Tanga, mwaka mzima. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja tu, Kigali iko nyuma kwa saa moja. Maana yake, mkiwa mnasubiri, tumbo na usingizi wa mtoto havijaguswa. Usimpangie siku mpya kwa sababu tu taa za uwanjani hazizimwi. Andika kwenye karatasi siku yake ya kawaida nyumbani: chai saa moja, uji saa nne, chakula saa saba, usingizi wa mchana saa nane, chakula cha jioni saa moja, kulala saa mbili. Kisha weka tranziti juu ya ratiba hiyo.

Tuseme mnatua saa kumi jioni na kuondoka saa saba usiku. Nusu saa ya kwanza ni choo, kunawa na kunywa maji. Kuanzia hapo mpaka saa moja kasoro ni kukimbia na kutembea, bila simu kabisa. Saa moja wale. Saa moja na nusu wasafishe meno, wavue nguo za safari, wavae za kulalia kama nyumbani. Mtoto akivaa nguo za kulalia anaelewa kinachofuata. Saa mbili walale, hata kama ni kwenye kona ya ukumbi. Wakati wa kupanda wanabebwa wakiwa usingizini, na chakula cha ndege cha saa nane usiku usiwaamshie. Makosa ya kawaida ni kuwapa simu mapema, saa ile ile ambayo miili yao inataka kukimbia. Ifikapo saa tano usiku chaji imeisha, katuni zimeisha, na nguvu bado zipo.

Angalizo kuhusu tiketi. 02:30 ni saa nane na nusu usiku, na tarehe iliyoandikwa ni ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Sisi wa pwani tukisema usiku wa Ijumaa wengi tunamaanisha Alhamisi jioni ikishaingia, lakini tiketi inabadili siku saa sita usiku kamili. Familia hukosa ndege kwa hili. Andika kwa Kiswahili kirefu: "usiku wa kuamkia Jumanne, saa nane na nusu".

Chakula kinataka maelezo zaidi kwa sababu ndicho kinachoharibika. Wali wa nazi na maharage ya nazi viache nyumbani. Tui huchacha haraka kwenye joto la Tanga, na basi la masaa sita linatosha kukigeuza kile kilichopikwa alfajiri kuwa ugonjwa wa tumbo angani. Chapati ndiyo rafiki wa safari, ila usiifunge ikiwa ya moto: mvuke unageuka maji ndani ya chombo, chapati inalowa na kunata. Itandaze kwenye sinia ipoe kabisa, kisha ifunge kwa karatasi ya kaki au kitambaa safi. Kwa watoto wawili, chapati nne, maandazi sita na ndizi nne ndani ya chombo kigumu zinatosha masaa tisa. Ndizi ikiwekwa kwenye mfuko tu itafika imekuwa rojo. Machungwa ya Muheza yamenye yote, gawa vipande, weka kwenye kopo lenye mfuniko, yaliwe siku hiyo hiyo. Ubuyu wa rangi hapana: unapaka mikono, nguo na viti, unaleta kiu, na mbegu zake ni hatari kwa mdogo. Karanga, korosho na bisi pia asipewe mtoto wa chini ya miaka minne, maana akicheka akiwa nazo mdomoni zinaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Uji wa lishe unawadanganya wengi. Wanabeba unga mkavu wakitegemea maji ya moto ya mgahawani. Unga mbichi hauivi kwa maji ya kikombe; unataka kuchemka jikoni. Ukitaka uji, upike, uweke kwenye vyupa vidogo viwili au vitatu badala ya chupa kubwa moja, na kwenye ukaguzi uvitoe mwenyewe na kusema ni chakula cha mtoto kabla hujaulizwa. Vimiminika vya kawaida haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa chombo, lakini maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kwa kiasi cha safari, baada ya kukaguliwa. Ofisa anaweza kukuomba uonje. Kumbuka kwamba viwanja vikubwa vya kuunganishia hukagua upya, kwa hiyo maji uliyonunua Dar baada ya ukaguzi yatachukuliwa. Beba chupa tupu ujaze ndani.

Maziwa ya kopo: pima unga nyumbani, kipimo cha chupa moja kwenye kila kikopo kikavu. Changanya na maji yaliyochemka ambayo hayajapoa chini ya nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, kisha pooza chupa chini ya bomba mpaka iwe vuguvugu. Kisichonywewa ndani ya masaa mawili kimwagwe, hata kama kinauma kukimwaga. Migahawa ya uwanjani huombwa maji ya moto kila siku. Addis sema "muk wuha", Istanbul sema "sıcak su".

Pampasi: gawa masaa yote ya safari, kutoka nyumbani hadi unakokwenda, kwa tatu, halafu ongeza nne. Safari ya masaa ishirini na nne inataka kumi na mbili mkononi. Nguo za kubadili ziwe jozi mbili kwa mtoto na blauzi moja ya mama, kwa sababu anayetapikiwa ni anayebeba. Vichupa vya dawa na mafuta viweke kwenye mfuko mdogo wa zipu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tangu Juni 2019 inaruhusu mifuko hiyo ya zipu kwa vitu vya usafi vya msafiri, lakini mifuko ya kawaida ya plastiki usipakie.

Na kanga. Hakuna kifaa cha safari kinachoizidi. Beba doti moja, usiikate. Upande mmoja ukiukunja mara nne unakuwa godoro juu ya benchi la chuma, ambalo usiku linanyonya joto la mwili. Upande wa pili ni shuka, pazia la kunyonyeshea, mahali pa kubadilishia pampasi, na mbeleko pale ambapo kigari cha mtoto kimeshapelekwa kwenye mizigo. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari; usiku kuna baridi ambayo mtoto wa Chumbageni hajawahi kuiona, na mara nyingi mnapanda basi la kiwanjani kufikia ndege. Sweta, soksi na kofia viwe begi la mgongoni, visiwe kwenye mzigo uliokwisha kukabidhiwa.

Viatu navyo. Yeboyebo na kandambili laini hunaswa kwenye meno ya ngazi za umeme, hasa pembeni na mwishoni. Mvalishe viatu vya kufunga, au tumia lifti. Asubuhi ya safari mpige picha mtoto akiwa na nguo zake za siku hiyo. Akipotea, picha inaeleza kuliko maneno ya mama aliyechanganyikiwa. Mfukoni mwake weka karatasi yenye jina la mzazi, namba ya ndege na namba ya simu inayoanza na +255, bila ile sifuri ya mbele.

Intaneti ya bure mara nyingi inadai namba ya siri kwa ujumbe mfupi, na laini isiyowashwa kwa matumizi ya nje haiupokei. Istanbul kuna mashine zinazosoma pasipoti na kukupa namba hiyo. Pakua katuni ukiwa nyumbani. Pawabenki ikae begi la mkononi. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, chini ya kikomo cha Wh 100 kinachowekwa kwenye ndege. Beba dola ndogo ndogo, kwa sababu shilingi yetu si rahisi kuibadilisha huko.

Kama kusubiri kunazidi masaa manane kwa sababu shirika halina ndege ya karibu zaidi, uliza habari ya hoteli siku ya kukata tiketi, usingoje ufike. Kutoka nje ya uwanja ni rahisi Nairobi na Kigali, ambako Mtanzania hahitaji viza, lakini Nairobi foleni ya magari inaweza kula muda wote. Jambo la kushika: ukirudi Tanzania baada ya kukaa zaidi ya masaa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari ya homa ya manjano, kama Ethiopia au Kenya, cheti cha chanjo kinatakiwa kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya wiki ya safari imechelewa. Pasipoti ya mtoto, cheti chake cha kuzaliwa na hicho cha chanjo vikae pamoja.

Saa moja na nusu kabla ya ndege, angalia tena ubao wa mageti, maana geti hubadilishwa. Choo kwa wote, pampasi mpya, maji kidogo. Familia huitwa mapema, lakini kama mko wazazi wawili, mmoja apande na mabegi na mwingine abaki ukumbini na watoto watembee mpaka karibu na mwisho. Dakika thelathini zaidi za kufungwa mkanda ndani ya ndege isiyosogea hazimsaidii mtoto. Kigari kikiachwa mlangoni mwa ndege, soma kijikaratasi kilichofungwa: kama kimeandikwa mji wa mwisho, hutakiona kwenye tranziti, na mbeleko ndiyo itakayofanya kazi.