Mchwa kwenye nyumba ya zege: nilivyowakatia njia

Wauzaji wa nyumba za zege lililovalishwa povu (plastiki nyepesi ya kuzuia joto na baridi) hupenda kusema mchwa hawali zege. Ni kweli, na povu lenyewe halina lishe kwao. Ila kenchi za paa, mbao za madirisha na karatasi iliyobandikwa kwenye jipsamu ni chakula, na povu ni laini kiasi kwamba wanalitoboa kwa taya wakikifuata huko juu. Sisi tunaishi nje kidogo ya jiji la Houston, Texas. Nyumba tuliinunua ikiwa imeshajengwa, povu la nje limeshuka hadi ndani ya ardhi, na juu yake lipu.

Dalili ya kwanza ilikuwa mbawa. Mwezi wa Machi, mchana kweupe, zilitapakaa chini ya dirisha la chumba cha kufulia, na kumbikumbi wachache bado wanahangaika kwenye kioo. Mke wangu ni mtu wa Bukoba, kwao kumbikumbi ni kitoweo. Aliwatazama hawa akasema hata kikaango kingewadharau. Weusi, wadogo mno. Saa waliyoruka na rangi yao vilinisaidia. Mchwa wa Formosa, aina ya kigeni ambayo Houston inaijua tangu miaka ya 1960, huruka jioni, hasa Mei na Juni, huzifuata taa, na rangi yao ni kahawia inayoelekea njano. Hawa wangu walikuwa mchwa wa ardhini wa kienyeji. Nilishusha pumzi, maana kundi moja la wale wa Formosa laweza kufika mamilioni.

Nilizunguka nyumba yote, sikuona kitu. Nyumba ya kawaida ungekuta vijia vya udongo vikipanda kwenye msingi. Nikabandua kwa bisibisi lipu iliyolegea chini ya lile dirisha, na ndani ya povu jeupe kulikuwa na mfereji mwembamba kama penseli, kuta zake zimepakwa udongo wa kahawia, bado mbichi. Mchwa wawili watatu wakakimbilia gizani. Lipu mbele, zege nyuma, wao katikati. Mkaguzi hata akilala chini na tochi hawaoni.

Fundi wa kwanza alitaka apige dawa kwenye udongo, achukue chake, aondoke. Nilikataa. Dawa ya udongoni haiingii ndani ya povu, na povu lenyewe linapenya udongo wenye dawa kutoka chini hadi ukutani. Ukimwaga pipa zima, mchwa bado wana njia yao kavu.

Wa pili, mwenye leseni ya idara ya kilimo ya Texas (huku ndiyo inayosimamia kazi hizi), alikubali tuanze kwa kukata. Tuliondoa lipu na povu kuizunguka nyumba, ukanda wa inchi 6, yaani kama sentimita 15, juu ya usawa wa ardhi, mpaka zege likabaki uchi. Ni nafasi ileile ambayo kanuni za ujenzi wa makazi za Marekani huitaja kati ya povu na udongo kwenye maeneo yenye mchwa wengi. Mchwa akitaka kuvuka hapo hana budi ajenge kijia hadharani, nami nakiona nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Ndipo dawa ikafuata: mtaro wa sentimita 15 kwa 15 kandokando ya msingi, na fipronili iliyochanganywa na maji, lita kama 15 kwa kila mita 3. Dawa hii haiwafukuzi. Wanapita ndani yake bila kuihisi, wanawapaka wenzao, halafu wanakufa taratibu. Bomba la maji ya AC lililokuwa likidondokea palepale nikalisogeza, na magome ya miti niliyotandaza kwenye maua nikayazoa yote. Mchwa waliokatiwa ardhi wakipata unyevu juu huko, wanaendelea kuishi.

Barazani ndiko kuna kazi. Sakafu yake imemwagwa ikaugusa ukuta, ukanda haukatiki. Fundi alitoboa matundu kila sentimita 30, akasukuma dawa chini, na pembeni tukafukia chambo chenye sumu ya mchwa. Bado sipaamini, kwa hiyo jipsamu ya ndani upande ule nimeifunga kwa skrubu tu, bila kuziba viungo wala kupaka rangi. Kila Machi naifungua, namulika, nairudisha.