Lori iko ziwani

"Fundi, mbona lori yangu iko ndani ya ziwa?" Mama mwenye lori alikuwa amefungua simu usiku kuangalia mali yake. Lori lenyewe lilikuwa limelala kwenye godauni la mabati karibu na bandari ya Kisumu, kavu kabisa. Mabati yaliziba mawimbi ya setilaiti, na machache yaliyopenya yalikuwa yamegonga kuta kwanza, yakachelewa. Treka, kile kifaa cha kuonyesha gari liko wapi, hupima umbali wake na setilaiti kwa muda ambao wimbi limesafiri, kwa hiyo likichelewa, gari linahamishwa kwenye ramani.

Treka ile ilitegemea GPS tupu. Setilaiti ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na lazima zionekane angalau nne. Siku hizi nafunga zenye vihisi vya mwendo pia: akselerometa inayohisi gari likichanganya au likifunga breki, na jairo inayohisi kona. Hizo hazihitaji anga. Ni kama kutembea nyumbani stima ikipotea, unahesabu hatua na unakumbuka ulipogeukia.

Ila hesabu hiyo inapotoka haraka. Akselerometa ikikosea kwa mita 0.01 tu kwa sekunde mraba, baada ya sekunde 10 umekosea nusu mita, hakuna neno. Dakika moja, mita 18. Dakika tano, mita 450! Ndiyo maana anayeniuzia treka "isiyohitaji setilaiti" namwambia apite tu.

GPS na vihisi huunganishwa kwa kichujio cha Kalman, hesabu aliyoichapisha Rudolf Kálmán mwaka 1960, ikatumika hata kwenye vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Kila wakati inapima nani wa kuaminiwa zaidi. Barabara ikiwa wazi, setilaiti inasahihisha vihisi. Chini ya mabati, vihisi vinashika usukani. Na gari likitulia, vihisi vinasema kasi ni sifuri, basi habari ya kuruka majini inakataliwa.

Ufungaji nao una mambo yake. Kuna mafundi wanaobandika boksi la treka kwa selotepu nyuma ya dashibodi. Likicheza, kila shimo linasomeka kama kona. Mimi nakaza skrubu kwenye chuma. Joto pia husogeza kosa la kihisi: lori likitoka Ahero kwenye jua likapanda mpaka baridi ya Kericho, kosa si lile la asubuhi. Kwa hiyo boksi naliweka mbali na injini, na mteja akitaka nilifiche hukohuko kwa sababu ya wezi, tunabishana.