Wally Cook kwenye meza ya tanzia

Kuna mahali ambapo kila nikiitazama filamu ya vichekesho Nothing Sacred huwa naisimamisha. Ni mwanzoni tu. Wally Cook, mwandishi hodari wa gazeti la Morning Star la New York, amekwisha kushushwa. Mhariri wake amemtupa upande wa tanzia, kwenye kona finyu iliyosongwa na makabati, na apitaye humkumba. Fredric March anaucheza mkasa huo kwa uso wa mtu aliyezikwa angali anapumua. Mwaka 1937 watu walicheka hapo. Mimi naisimamisha, namtazama kitambo, halafu naiacha iendelee.

Nilikaa kwenye meza kama ile kwa miezi 11.

Kwanza filamu yenyewe, maana wengi wenu hamjaiona, na ni rahisi kuipata: huko Marekani filamu hii imeshakuwa mali ya umma, imejaa mtandaoni. Ila msikubali nakala ya kwanza mtakayokutana nayo. Nyingi zimepauka, nyuso zote zina wekundu wa matofali, na hiyo ni dhuluma, kwa sababu hii ni miongoni mwa vichekesho vya mwanzo kabisa kupigwa kwa rangi za Technicolor kamili, ile kamera nzito iliyopitisha mikanda mitatu kwa wakati mmoja. Tafuteni nakala iliyosafishwa. Muone kijani cha jimbo la Vermont.

Mtayarishaji ni David O. Selznick, mwongozaji William Wellman, na mwandishi ni Ben Hecht, ambaye kabla ya Hollywood alikuwa ripota wa magazeti Chicago. Hilo utalihisi. Mtu ambaye hajawahi kukaa chumba cha habari asingejua kwamba adhabu ya kweli kwa ripota si kupunguziwa mshahara. Ni kumwondoa mahali habari zinapopita, umwache anazisikia tu kwa mbali.

Kosa la Wally ni hili. Alimleta mjini sultani tajiri wa Mashariki ambaye angelipa gazeti fedha za kujenga jumba kubwa la sanaa na elimu. Karamu ikaandaliwa, wakubwa wakavaa suti nyeusi, hotuba zikatolewa. Katikati ya karamu mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja mweusi na watoto wake, akaonyesha kidole: yule ni mume wangu. Sultani kumbe ni mpiga kiwi viatu wa Harlem, mtaa wa Weusi wa hapo hapo New York.

Yule mama anachezwa na Hattie McDaniel. Yuko pale kwa sekunde chache tu, na jina lake halikuwekwa hata kwenye orodha ya waigizaji. Miaka miwili baadaye, chini ya Selznick huyu huyu, alicheza katika Gone with the Wind, na mwaka 1940 akawa Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Usiku ule ule aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu moja. Nikimtazama akiingia kwenye ile karamu moyo wangu unauma. Filamu inataka tumcheke yeye na mumewe. Lakini angalieni vizuri: katika ukumbi mzima, mtu pekee aliyekuja na habari ya kweli ni yeye. Na baada ya hapo hatumwoni tena. Wally anapata kona yake ya tanzia, mhariri anapata aibu yake, na mpiga kiwi anapewa nini? Hakuna anayeuliza. Ni doa la filamu hii na sitalipaka chokaa.

Sasa mimi. Ilikuwa mwaka 2003, Dar es Salaam, gazeti silitaji. Nilikuwa dawati la habari za jiji. Siku moja nilirudi kutoka msibani kwa familia iliyopoteza baba katika ajali ya basi. Mjane hakunena kitu. Alikaa mkekani, kanga usoni, nami nikaandika hivyo hivyo, kwamba hakunena kitu. Nikaambiwa niongeze maneno yake, mistari miwili tu ya uchungu, kwa kuwa mjane yeyote angesema vile. Nikakataa. Sikupiga kelele, nilikataa tu. Jumatatu iliyofuata nikaelekezwa kushuka chini kwenye dirisha la matangazo, nipokee tanzia na kumbukumbu.

Nililia kwenye daladala mpaka Mwenge.

Nilidhani nimezikwa, kama Wally. Lakini yeye alikaa pale akimwinda mhariri amsamehe, na nilipoiona filamu mara ya kwanza, miaka kadhaa baada ya kutoka dirishani, kitu kilichonigusa kuliko vyote ni kwamba hatumwoni akiandika hata tanzia moja kwa moyo. Wale marehemu kwake ni kelele. Nilitamani nimshike bega. Kaa, soma majina. Meza hiyo itakufundisha kazi.

Kwa maana tanzia haina mstari wa kupamba. Watu walikuja na bahasha za kaki, ndani karatasi iliyoandikwa kwa mkono na picha ya pasipoti. Familia ya mzee fulani wa mahali fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao. Kisha habari ziwafikie: hapo ndipo vita ilipoanzia. Tulitoza kwa sentimita na safu, na nikitaja bei niliona mkono ukianza kukata majina ya wajukuu ili tangazo lifupike. Nani akatwe? Mke mdogo aandikwe? Yule mtoto wa nje aliyetambuliwa mwaka jana? Nimeona ndugu wawili wakinyamaziana dirishani kwangu dakika 20 kwa ajili ya jina moja. Nilijifunza kuuliza kila herufi: Mwanaidi au Mwanahidi, Mushi au Moshi, na ni Shayo yupi. Juu ghorofani nilikuwa nimeandika habari za maelfu ya watu bila kuuliza hivyo hata nusu. Mwishoni tulimalizia kwa Bwana alitoa na Bwana ametwaa, au kwa Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na mtu alichukua stakabadhi yake akaenda kuzika.

Narudi kwa Wally. Anasoma habari ndogo ya msichana wa Vermont, Hazel Flagg, anayekufa kwa sumu ya radiamu, madini yanayotoa mionzi, aliyoipata kwenye kiwanda cha saa. Anamsihi mhariri ampe nafasi, naye anapewa. Huko Warsaw, kijiji cha kubuniwa, watu wanamjibu neno moja moja, na mtoto mmoja anatoka getini mbio anamng'ata mguu. Hazel ni Carole Lombard, na hapa sina maneno ya kutosha. Daktari wake amekwisha kumwambia kwamba alikosea vipimo, haumwi kitu. Badala ya kufurahi anabubujikwa na machozi, kwa sababu safari yake ya New York imeyeyuka. Ndipo mwandishi anatokea na tiketi mkononi. Lombard anayacheza machozi yale na ile njaa ya kuiona dunia kwa ukweli mtupu, huwezi kumchukia. Miaka michache tu baadaye, Januari 1942, ndege ilimwua huko Nevada akirudi kutoka kuhimiza watu wanunue hati za kuikopesha serikali fedha za vita. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Radiamu haikuwa kichekesho. Wasichana wa kiwanda cha Orange, New Jersey, walipaka nyuso za saa rangi inayong'aa gizani, na ili brashi ichongoke waliambiwa wailainishe kwa midomo. Taya zao zikaoza. Watano walishtaki, Grace Fryer akiwa mbele, na mwaka 1928 wakasuluhishwa kwa dola 10,000 kila mmoja, pamoja na dola 600 za kila mwaka na gharama za matibabu. Filamu ilitoka Novemba 1937. Februari 1938, huko Ottawa, Illinois, Catherine Donohue, mchoraji wa saa kama wao, alitoa ushahidi wake akiwa amelala kwenye kochi nyumbani kwake, kwa kuwa mwili ulikuwa umekwisha. Alifariki Julai. Magazeti yaliwaita yeye na wenzake kundi la wafu walio hai. Nikisoma hayo naelewa Hecht alikuwa ameshika moto gani mkononi. Wasomaji wa siku zile hawakuhitaji kuelezwa msichana wa radiamu ni nani. Walikwisha kumlilia pamoja na kifungua kinywa.

Hazel ananyamaza, anasafiri na Wally, na New York inamlilia vilevile. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ukumbi wa mieleka: mabaunsa wawili wananyongana jukwaani, mara shughuli nzima inasimamishwa ili wote wainamishe vichwa kwa heshima yake, kisha mieleka inaendelea. Niliitazama mwezi uliopita hapa Tanga na mtoto wa kaka yangu anayesomea uandishi wa habari. Alicheka hadi akashika tumbo. Baadaye kidogo akanyamaza.

"Shangazi, sasa hii wataisahihishaje?"

Nilifurahi kwa swali hilo kuliko angeleta cheti.

Jibu ni kwamba hawaisahihishi. Kuna vurugu nyingi hapo kati, na moja siipendi: Wally anampiga Hazel ngumi ili madaktari wanaokuja wamkute hoi, na hata kwamba naye anarudisha ngumi hainifanyi nicheke. Wakubwa wa mji wanaujua ukweli, nao wanaona heri uongo ubaki, maana kila mmoja ameshafaidika nao. Gazeti linatangaza kwamba Hazel amejiendea kufa peke yake. Jiji linaomboleza. Wapenzi wawili wako melini wamevaa miwani myeusi. Hecht aligombana na Selznick, akaondoka kabla ya mwisho kuandikwa, na wengine wakaitwa kuumalizia. Naona mshono pale. Mtu wa Chicago aliyeandika kona ya tanzia kwa uchungu ule asingetuachia meli na miwani. Hiyo ni hisia yangu, na nimeishikilia miaka mingi.

Wellman, kwa upande wake, alikuwa na tabia ya kuficha nyuso pale unapotaka kuziona. Wally na Hazel wanazungumza, na tawi la mti limewaziba kabisa. Wanabusiana ndani ya kreti bandarini. Mtoto wa kaka alidhani ni kosa la kamera. Mimi naona ni adabu. Watu ambao gazeti zima linawatazama wamepewa tawi la kujisitiri.

Swali lile la sahihisho halikutoka kichwani mwangu, kwa hiyo nilimsimulia mwanangu yule kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa.

Mwezi wangu wa saba dirishani ilikuja bahasha yenye picha mbili. Kijana aliyeileta alikuwa na haraka, gari la maiti lilikuwa linangoja. Wazee wawili, ndugu, wamefanana paji la uso na masikio. Picha moja ilikuwa ya marehemu. Ya pili ilikuwa imo tu, labda ilibaki kutoka kwenye shughuli nyingine. Sikuuliza ipi ni ipi. Nilichagua iliyokuwa safi zaidi.

Siku ya pili baada ya tangazo kutoka, asubuhi, mzee alisimama mbele ya dirisha, kanzu imepigwa pasi, gazeti limekunjwa kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akalifungua gazeti, akaweka kidole kwenye picha. "Mimi ndiye huyu."

Nilisimama. Sikuweza kusema kitu. Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba binti yake huko Korogwe alilisoma dukani akaanguka, na kwamba watu wa Handeni walikwisha kupanda basi kuja kumzika yeye, na nauli hiyo walikopa. Kaka yake wa kweli walimzika jana, na waliomjua kwa sura tu hawakuja, kwani gazeti liliwaonyesha mtu mwingine.

Nilipanda ghorofani kuomba sahihisho. Nikaambiwa arudishiwe fedha yake, yaishe. Nikasema hakuja kudai fedha. Nilibaki nimesimama pale mpaka mtu mmoja akachoka kuniona, akasaini. Siku ya tatu sahihisho lilitoka kwenye ukurasa ule ule, mistari minne, na picha sahihi.

Mzee alirudi siku hiyo mchana. Nilidhani amekuja kuchukua nakala. Alitaka picha ya kaka yake. Hakukuwa na nyingine nyumbani, alisema, ni hiyo moja tu. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye bahasha safi ndani ya mtoto wa meza, na nyuma yake nilikuwa nimeandika jina kwa penseli, polepole, herufi moja moja. Akalisoma jina, akaitia mfukoni mwa kanzu upande wa moyo, akaniuliza kama nimekula.