Doti moja, fulana 40

Saa 12 na nusu asubuhi. Nachapa fulana kwa fremu za wavu. Mbili nilizozipaka jana emulsheni, dawa inayoganda kwa mwanga na kuoshwa pale mwanga usipofika, zimelala gizani na feni usiku kucha. Nagusa kona kwa kidole. Ikinata, inarudi kwenye feni. Emulsheni mbichi ukiichoma, yaani ukiimulika kwa taa, mchoro wote unang'oka na maji.

Saa 2. Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kwenye maduka ya kanga. Mteja ana kikundi cha singeli, anataka fulana 40 zenye "ladha ya pwani". Neno hilo limeharibu fulana nyingi, maana wengi hupiga picha kanga nzima, wakaibana mpaka ienee kifuani. Kanga ina urefu wa kama mita 1.5. Ukiishusha mpaka sentimita 30, nukta ya milimita 2 inabaki milimita 0.4, na tundu dogo hivyo kwenye wavu wino unaliziba kabla ya fulana ya kumi. Tena mchoro ule una mwenyewe.

Mimi nachukua mpangilio: pindo linazunguka, mji uko katikati, jina, yaani msemo wa kanga, linakaa kwenye kisanduku chake juu ya pindo la chini. Nanunua doti moja ya kisutu. Ukiitazama kwa karibu, nyekundu na nyeusi hazilingani sawasawa. Pengine nyeusi imepanda juu ya nyekundu, pengine pamebaki uzi mweupe. Kasoro hiyo ndiyo inayoifanya ionekane kanga, kwa hiyo nairuhusu kidogo.

Saa 4. Kompyuta. Nachora upya kona moja tu ya pindo na umbo moja kubwa la korosho, sentimita 14. Jina kwa herufi kubwa nene, bila madoido, urefu wa sentimita 2. Hakuna mstari mwembamba kuliko milimita 1. Rangi mbili zinatosha, kwa sababu nyeupe ni fulana yenyewe. Mteja alitaka fulana nyeusi, lakini huko nyekundu inazama kama maji ya ukwaju mpaka utangulize nyeupe chini yake, yaani fremu ya tatu na gharama yake. Amekubali nyeupe.

Nyeusi naipanua ipande juu ya nyekundu nusu milimita. Kila rangi naichapa kwenye karatasi mbili za tresing, zinazopitisha mwanga, na kuzipanga moja juu ya nyingine, maana moja haizuii mwanga vya kutosha.

Saa 6. Kuchoma. Karatasi inabandikwa upande wa nje wa fremu, ule unaogusa fulana, herufi zikisomeka kinyume. Ukisahau, jina litasomeka kwenye kioo tu. Muda wa taa siukisii: kwenye fremu ya majaribio nafunika kwa kadibodi na kuisogeza kila sekunde 20, halafu naosha nione kipande kipi kimeshika. Ukichoma kidogo, kingo zinateleza na maji. Ukizidisha, mchoro haufunguki hata uusugue.

Saa 8. Kuchapa, na hapa muziki ni kifaa cha kazi. Singeli inapita midundo 200 kwa dakika, na mkono unaifuata bila wewe kujua: skwiji, mpira wa kuvutia wino, inakimbia, wino unabaki juu ya wavu, fulana inatoka na mabaka. Kwa hiyo wakati wa kuvuta ni Sikinde, bendi ya dansi ya Mlimani Park ya miaka ya 1980, gitaa linalokwenda taratibu. Singeli inasubiri kukunja na kufunga. Wanamuziki wenyewe wamecheka, ila wamekubali.

Fulana ni pamba tupu, gramu 180 kwa mita ya mraba. Mchoro unaanza vidole vinne chini ya shingo. Kati ya wavu na kitambaa naacha nafasi ya sarafu mbili. Fremu ikilala kabisa juu ya fulana, wino unasambaa pembeni. Nyekundu kwanza, ikauke, kisha nyeusi. Feni inageuziwa ukutani, kwani ikipuliza fremu, wino wa maji unakaukia kwenye matundu. Kila fulana tano, nanyunyiza maji kidogo.

Saa 11 jioni. Mashine ya joto, nyuzi 160, na karatasi ya kuokea keki juu ya mchoro. Nabana sekunde 10, nafungua mvuke utoke, halafu nabana tena dakika 2. Asiyetoa mvuke anapata wino uliokauka juu na mbichi chini, unaokimbia siku ya kwanza ya kufuliwa. Fulana moja inaingia kwenye ndoo ya sabuni na kusuguliwa kwa nguvu. Imeshika.

Saa 1 usiku. Fremu zimeoshwa wino ukiwa bado na unyevu. Kesho kuna kazi nyingine, basi fremu mbili mpya zinapakwa emulsheni pande zote na kulazwa, upande wa nje ukitazama chini ili emulsheni ijae huko. Luku imebaki yuniti 3. Feni itafika asubuhi.