24-19, na bado hatujaelewana

24-19. Ukiiona hivyo tu kwa simu utasema poa, ushindi wa raga ni ushindi, pointi nne za ligi zimeingia, watu waendelee na wikendi yao. Lakini mimi nilikuwa kwa stendi toka kikofu mpaka refa anapuliza ya mwisho na nawaambia hiyo skoa imeficha mambo. Timu siitaji, wanaonijua wanaijua, na wachezaji kadhaa wananifolo, sitaki nikipita mazoezini Jumanne niangaliwe vibaya. Jueni tu ni huku Ngong Road, ambako ukitoka RFUEA uende Impala uishie Jamhuri unakuta ni raga na raga.

Kipindi cha kwanza sina shida nacho kabisa. Lainauti zetu, ule mpira unaorushwa ndani toka pembeni watu wakiruka, tulikuwa tunashika, moli ikishaundwa inatembea, na trai mbili za kwanza, mpira kuwekwa chini nyuma ya laini yao, zilitoka hapo hapo, mpira kona, msee ameruka ameshika, wengine wakajifunga nyuma yake na kusukuma mpaka kwa laini. Ya tatu ikaja mapema baada ya hafutaimu, senta akapasua katikati akampa wingi, wingi akamaliza. Zote zikakonvatiwa, trai ni tano na hilo teke la posti linaongeza mbili. 21-12 na tuko juu na watu wameanza kuulizana after-party ni wapi.

Sasa ndio ikaja ile penalti. Dakika ya hamsini na kitu hivi, mita kama ishirini na tano kutoka laini yao, mbele ya posti kabisa. Kapteni hakufikiria hata, akanyoosha mkono kwa posti, yaani tupige tuchukue tatu. Stendi ikagawanyika katikati! Wengine wanapiga makofi, sisi wengine tunashika kichwa, kwa sababu hesabu iko wazi, una trai tatu, ukipata ya nne unachukua bonasi, unatoka na pointi tano za ligi badala ya nne. Na hao jamaa wenyewe walikuwa wamechoka, moli yetu walikuwa wameshindwa nayo mchana wote, ukipiga huo mpira nje kona upate lainauti si unawamaliza tu? Lakini wapi. Flaihafu akapiga, ikaingia, 24-12, na kutoka hapo hatukupata pointi ingine mpaka mwisho.

Nyuma yangu hukaa mzee mmoja, alicheza propu zamani, wale wa kusukuma mbele, huja na flaski yake ya chai na huwa hapigi kelele hata siku ya dabi. Nikageuka nikamwambia mzee, hii kapteni ametunyima pointi. Akamimina chai kwanza. Halafu akaniambia, “Kijana, ngoja dakika ya themanini.”

Na kwa kweli ilibidi tungoje, maana dakika ishirini za mwisho sisi ndio tulikuwa tunachezewa. Skramu, pale wanane wa kila timu wanasukumana, ilikufa. Propu wetu wa kulia alikuwa amesukuma saa nzima na akatoka, aliyeingia bado mdogo, ana moyo lakini shingo haijakomaa, na wale wenzetu wakaona hapo ndipo pa kuingilia. Skramu ya kwanza tumerudi nyuma, ya pili tumerudi nyuma na penalti juu yake, ya tatu refa akaita kapteni wetu wakaongea, na tukajua kadi iko njiani. Flanka akalishwa kadi ya yelo, dakika kumi nje, kwa kosa la raki, pale wanagombania mpira chini, lililokuja baada ya hapo, tukabaki kumi na wanne, na hawakukawia, trai katikati ya posti, konvasheni, 24-19. Hapo stendi ilinyamaza mpaka ukasikia magari ya barabarani.

Dakika ya mwisho wakapata penalti. Mahali pale pale karibu, sema upande ule mwingine, posti zinaonekana kama mlango wa nyumba. Na hawangeweza kupiga! Pointi tatu zingewapeleka 22 na sisi tuko 24, kwa hivyo ilibidi waende kona watafute trai, wakarusha lainauti, kijana wetu wa safu ya pili akaruka mbele akaiba mpira, ukapigwa nje, filimbi. Mzee akanigusa bega. Hakusema kitu, na ndio iliniuma zaidi.

Basi nimekaa na hii kitu toka Jumamosi. Kwa sababu mzee ana pointi, bila hiyo penalti ya kapteni tungekuwa 21-19, wale wangepiga yao ya mwisho, 22-21, na saa hii ningekuwa naandika mambo mengine kabisa. Nakubali hiyo hesabu. Lakini hesabu yangu pia iko pale pale, tungeenda kona dakika ile, na moli vile ilikuwa inatembea, tungekuwa na trai nne na tofauti kubwa, na hao jamaa wasingebeba hata ile pointi moja ya kupoteza kwa saba au chini. Mwishowe sisi tumechukua nne, wao wameondoka na moja. Kwenye jedwali la ligi hiyo moja huonekana kama chenji ya mathree mpaka ifike mwisho wa msimu mnagombania nafasi mbili za juu, zile zinazokuruhusu kwenda semi moja kwa moja bila kupitia mchujo, hapo ndio mtu anaanza kukumbuka ile penalti ya Novemba.

Na tena mimi siongei juu ya kapteni sana. Naongea kwa nini kapteni, akiwa anaongoza kwa tisa, na mpinzani anahema, alichagua kuchukua tatu. Alijua benchi yake. Alijua dakika ya sitini ikifika skramu itakuwa vile ilikuwa, kwa hivyo akaweka akiba mapema kabla njaa haijaingia. Hiyo kwangu ndio fomu yetu ya ukweli, si trai tatu. Timu inayoamini miguu yake haichukui ile tatu.

Jamaa mwingine tulikuwa naye tukingoja mathree akasema tunalalamika sana, akaleta mambo ya Zimbabwe, ati waliwashinda Namibia 30-28 pale Kampala Julai 2025, wamepata tiketi ya Kombe la Dunia la raga 2027, na hakuna mtu leo anawauliza walicheza vipi. Nikanyamaza kidogo kwa sababu hao Zimbabwe ndio walitutoa sisi Kenya semi na bado haijaniisha. Lakini sio kitu moja. Fainali ni fainali, ukishinda kwa mbili umeshinda, kesho hakuna gemu. Ligi inakurudisha uwanjani wiki ijayo na skramu ile ile.

Halafu kuna hii tabia yetu ya Nairobi, mtaniwia radhi. Sisi tulilelewa na seven, raga ya watu saba kila upande. Singapore 2016, Kenya ikampiga Fiji 30-7 fainali, nani amesahau, na kila mtu tangu hapo anataka kuona mtu akikimbia peke yake mita hamsini na nywele zikipepea. Collins Injera, wingi wetu wa seven, alitupa raha, sikatai. Lakini Jumamosi propu wetu wa kushoto alishikilia ile skramu peke yake karibu robo saa na hakuna mtu aliyesimama kumpigia makofi isipokuwa mzee wa flaski. Wingi akigusa mpira tu, akina dada wa upande ule wanapiga nduru. Klabu zenyewe zikitafuta vijana zinatafuta wenye spidi, na wa kusukuma wanabaki kutafutana. Ndio maana propu akichoka anaingia mtoto.

Na uchovu wenyewe si wa uvivu. Hawa vijana wanatoka kazini saa kumi na moja, mwingine Industrial Area, mwingine anafundisha huko Rongai, wanapambana na jam wafike mazoezi giza limeshaingia, wanafanya saa moja na nusu wanarudi. Nyinyi mnajua klabu kama Kabras wana kampuni ya sukari nyuma yao na KCB wana benki. Sisi tuna WhatsApp grupu ya kuchanga maji na bandeji. Mtu akiniuliza kama ningependa tushinde dakika zote themanini nitamwambia ndio, lakini pia nitamwambia aje aone vile propu wetu anafika mazoezini na buti za kazi bado zina simenti.

Kitu kimoja nataka kocha afanye, na nitaisema hapa kwa sababu pale uwanjani nitaambiwa mimi si kocha. Huyo kijana propu aanze. Asiingie dakika ya sitini mambo yakiwa moto, aanze gemu akiwa freshi na wale waliomzunguka wakiwa na nguvu, halafu yule mkubwa aingie kufunga mlango. Ataumia kidogo mwanzoni, tutapewa penalti mbili tatu dhidi yetu, sawa tu, tuko na saa nzima ya kurekebisha.

Wiki ijayo ni Kakamega. Kabras nyumbani kwao, mabingwa wa ligi 2022, 2023, 2024, 2025, na hao wakishanusa skramu dhaifu hawakungojei dakika ya sitini. Basi linatoka Ijumaa usiku, nimeshalipa, mzee pia amelipa na amesema flaski atakuja nazo mbili. Nilimuuliza anaona aje, akasema tutapigwa kwa ishirini. Mimi nimemwambia saba, na nikipewa hiyo saba saa hii nasaini.